Samaki wa Mapambo Wanakufa kwenye Tangi Jipya: Dalili, Sababu na la Kufanya

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo Nairobi mara nyingi hupitia mambo yale yale. Tangi la kioo limenunuliwa Jumamosi, limejazwa maji Jumamosi hiyo hiyo, na kabla ya chakula cha jioni samaki wanane wameshaingizwa. Siku tatu nne zinapita vizuri. Kisha mmoja anajibanza kwenye kona, kesho yake yuko juu ya maji amekufa, na mwenye tangi anakimbilia dukani kununua dawa. Dawa inatiwa, na wengine watatu wanafuata.

Katika tangi ambalo halijatimiza miezi miwili, ugonjwa uwe wa mwisho kushukiwa. Kinachowamaliza samaki ni maji yenyewe, baridi, au uhaba wa hewa, na hakuna chupa ya dawa inayotibu hata kimoja kati ya hivyo. Dawa nyingine huua bakteria ambao tangi changa linawahitaji kuliko kitu chochote. Kabla ya kutia chochote jua mambo matatu: joto la maji, kiwango cha amonia na nitriti (sumu mbili zinazotokana na uchafu wa samaki na chakula kinachooza), na maji hayo yametoka wapi wiki hii. Hilo la tatu ndilo wengi hulisahau, nami nitalieleza kwa kirefu.

Vifaa unavyohitaji ni kipimajoto na vipimo vya matone vya amonia, nitriti na pH (namba inayoonyesha maji yana asidi au ubesi kiasi gani; 7 ni katikati). Karatasi za kuchovya ni rahisi kutumia lakini nyingi hazipimi amonia, na hiyo ndiyo unayoitafuta kwanza. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, acha ngome ya plastiki na taa ya rangi, nunua kipimo cha amonia. Kwa mifano nitatumia tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo likijaa hadi ukingoni hubeba lita 54.

Samaki wanahema juu ya maji

Wamejipanga juu, midomo inafunguka na kufunga kwenye uso wa maji. Swali la kwanza ni: wameanza lini?

Wakihema alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi wametulia, kinachokosekana ni oksijeni. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, bali huitumia, kama wanavyoitumia samaki na bakteria, na kukipambazuka imebaki kidogo. Hapa mji wetu una jambo lake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko yangeshika Mombasa. Maji ya nyuzi 25 kule pwani hubeba miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Hapa hayafiki 7. Kwa hiyo ushauri wa wafugaji wa nchi za mabondeni kuhusu idadi ya samaki upunguze. Wanapokuambia samaki kumi wadogo, wewe weka saba au wanane. Kisha elekeza mdomo wa filta juu ili uso wa maji uwe unatikisika saa zote, kwa sababu hewa nyingi huingilia hapo. Mapovu ya pampu husaidia hasa kwa kuutikisa uso huo.

Wakianza kuhema au kurukaruka muda mfupi baada ya kutiwa maji ya bomba, shuku klorini. Tia kiondoa klorini mara moja, ukipima kwa maji yote ya tangi na si yale uliyoongeza tu, na uongeze hewa. Kiambato cha kawaida katika chupa hizo ni sodiamu thayosalfeti, nacho hufanya kazi kwa dakika chache.

Wakihema mchana na usiku ilhali pampu inafanya kazi, pima nitriti. Nitriti huingia damuni kupitia matamvua na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Damu hugeuka hudhurungi, na kwa samaki wa rangi nyepesi unaweza kuona matamvua yamepoteza wekundu wake. Hapo kuongeza hewa pekee hakutoshi. Badilisha theluthi ya maji, kisha yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika bakuli la maji ya tangi na uimimine polepole. Hiyo ni gramu 5 hivi, na kwa tangi la lita 54 inatosha. Kloridi iliyo ndani ya chumvi huizuia nitriti kupenya kwenye matamvua. Unapobadilisha maji tena, rudisha chumvi kulingana na kiasi ulichotoa tu.

Siku ya tatu hadi ya kumi: wamezubaa, mapezi yamekunjwa, hawali

Hii ni amonia mpaka kipimo kikuambie vinginevyo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huishi zaidi kwenye sponji ya filta na juu ya changarawe, wala hawaelei tu majini. Tangi jipya halina wa kutosha. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka katika maji ya nyuzi 25 na kuendelea, na tangi likiwa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana tangi lililoanzishwa Julai bila hita husumbua hata Septemba.

La kufanya leo: kipimo kikionyesha amonia ya miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo ya maji, ikifika 0.5 au zaidi, badilisha nusu, na urudie kesho. Usilishe siku mbili. Samaki mzima anavumilia njaa ya siku kadhaa bila shida yoyote, lakini hawezi kuvumilia maji yenye sumu. Na usiioshe filta. Watu wengi, kwa nia njema kabisa, wakiona samaki wanaugua hutoa kila kitu, huosha changarawe kwa maji ya moto na sponji kwa maji ya bomba, kisha hushangaa hali inapozidi kuwa mbaya. Wamewaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kukaa. Sponji huoshwa kwa kukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, na hiyo ni baada ya mtiririko kupungua, si kila wiki.

Njia ya mkato ninayoiamini ni moja. Mtafute mtu mwenye tangi lililokaa zaidi ya miezi sita na samaki wazima, akupe kipande cha sponji yake. Kibebe kikiwa ndani ya maji yake, kisikauke njiani, ukitie kwenye filta yako siku hiyo hiyo. Bakteria wa chupa nao huuzwa; wengine husaidia, lakini chupa iliyokaa kwenye rafu ya duka inayopigwa na jua siwezi kuiamini. Kama bado hujanunua samaki, una bahati. Washa filta na hita, tia chembe za chakula kila siku zioze, na uwe unapima. Siku amonia na nitriti zitakaposoma sufuri kwa wiki nzima huku chakula kikiendelea kutiwa, tangi liko tayari.

Kuna chanzo kingine cha amonia ambacho kipimo hakikitaji: watu wa nyumbani. Msaidizi wa nyumbani analisha asubuhi, mtoto analisha akitoka shule, baba analisha akirudi usiku, na kila mmoja anaamini ni yeye peke yake. Mpe mtu mmoja kazi hiyo. Mara mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili.

Walikuwa wazima, wakafa siku moja baada ya kubadilishiwa maji

Hili ndilo tatizo la Nairobi hasa, na wasiolijua hulaumu duka lililowauzia samaki.

Maji ya kanjo yanayofika bombani hutoka zaidi kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayopata maji ya mito ya milima ya Nyandarua. Ni maji mepesi, yenye madini machache, na yametiwa klorini. Maji ya visima vilivyochimbwa chini ya majengo ya mji, yale ambayo wapangaji huyaita maji ya chumvi, ni kitu tofauti kabisa: yana sodiamu na bikaboneti nyingi, na pH yake mara nyingi hupita 8. Yana floridi nyingi pia, ila hiyo ni habari ya meno ya watoto wako zaidi kuliko ya samaki. Kisha kuna maji ya boza, ambayo huwezi kujua yametoka wapi bila kuuliza. Kwa kuwa maji ya kanjo huja kwa mgao, matangi ya juu ya paa hujazwa kwa chochote kilichopatikana. Wiki hii bomba la jikoni linatoa maji ya Ndakaini, wiki ijayo linatoa ya kisima, na kwa macho yanafanana.

Sasa tazama kinachotokea. Amonia majini huwa katika hali mbili, moja isiyo na makali na nyingine yenye sumu, na kinachoamua ni ipi iliyo nyingi ni pH pamoja na joto. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 hufika asilimia 5 hivi. Kwenye 8.5 hukaribia 15. Tangi lililojazwa maji ya kanjo linaweza kubeba amonia kiasi bila samaki kuonyesha dalili. Ukitoa nusu na kujaza maji ya kisima, pH inapanda kwa saa moja, na amonia ile ile iliyobaki inageuka sumu. Samaki wanakufa usiku, nawe una hakika kwamba uliwasaidia.

Usitegemee povu la sabuni kuyatambua. Maji mengi ya visima vya Nairobi hayana kalisi nyingi, kwa hiyo sabuni hutoa povu vizuri ilhali pH iko juu. Ladha husaidia kidogo. Msimamizi wa ploti husaidia zaidi. Muulize kabla ya kila siku ya kubadilisha maji: leo tunatumia maji gani? Halafu chota ndoo, iache hadi kesho, upime pH ya ndoo na ya tangi. Zikipishana kwa zaidi ya 0.5, usibadilishe nusu ya tangi kwa mkupuo. Badilisha lita 5 leo, 5 kesho, 5 keshokutwa.

Dawa ya kudumu ni mitungi miwili ya lita 20 iliyotengwa kwa ajili ya samaki tu, isiyowahi kuwekwa sabuni wala mafuta. Ijaze siku ambayo maji ya aina uliyoichagua yanatoka. Yakikaa wazi saa 24 yakitiwa hewa, klorini huondoka, na ukiwa na haraka tia kiondoa klorini. Kabla ya kumimina, ongeza maji ya birika mpaka kipimajoto kisome sawa na tangi. Kwa utaratibu huo, lita 10 hadi 13 kila wiki zinatosha.

Hapo hapo ndipo ninapoona watu wangejiepushia taabu nyingi: chagua samaki kwa kufuata maji uliyo nayo. Kama ploti yako inaishi kwa kisima, fuga moli, plati na gapi, ambao hupenda maji yenye pH ya juu. Wenye tangi kubwa wanaweza kufikiria samaki wa Ziwa Malawi au Tanganyika, ambao maji ya kwao ni ya namna hiyo, ingawa ni wagomvi na si wa kuanzia. Kama unapata maji ya kanjo karibu wiki zote, tetra na kambare wadogo wa Corydoras watastawi. Kupigana na pH kwa unga wa dukani huifanya ipande na kushuka, na samaki huvumilia pH isiyo bora kwao kuliko pH isiyotulia.

Moli anatikisika mahali pamoja bila kusogea

Anayumba ubavu kwa ubavu kama anayeogelea, lakini haendi popote. Ni dalili ya moli kukaa katika maji mepesi mno au ya baridi. Pima joto kwanza. Likiwa sawa, funga vipande vya matumbawe au magamba ya kombe yaliyooshwa vizuri ndani ya kifuko cha wavu, ukiweke karibu na filta. Kalisi yake huyeyuka polepole na kuyapa maji madini. Kwa sababu hiyo hiyo, kombe la pwani lililowekwa kama pambo halifai katika tangi la tetra.

Wamelala chini, rangi imefifia, na ni Julai

Wengi hudhani kwamba samaki wa nchi za joto hawahitaji hita Afrika. Nairobi usiku wa Julai hushuka mara nyingi hadi nyuzi 11 au 12, na maji ya tangi lililo sebuleni yanaweza kukaa nyuzi 18 au 19 siku nzima. Tetra, gapi na beta wanataka 24 hadi 27. Kwenye 18 hawafi papo hapo. Wanaacha kula, kinga yao inashuka, na wiki mbili baadaye wanapata ugonjwa ambao utaonekana ndio chanzo.

Kwa lita 54, hita ya wati 50 inatosha nyumba iliyofungwa vizuri, na ya wati 75 ni salama zaidi mahali penye upepo. Weka kifuniko, kwa sababu joto jingi hupotelea juu. Kipimajoto kikae upande wa mbali na hita, na ukisome kila asubuhi, kwa kuwa taa ya hita inaweza kuwaka huku yenyewe haipashi. Chomoa hita kabla ya kupunguza maji. Ikibaki nje ikiwa moto, kioo chake hupasuka. Waya ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Asiyeweza kununua hita afuge danio wa milia, wanaovumilia nyuzi 18 hadi 24. Samaki wa dhahabu nao huvumilia baridi, lakini hukua wakubwa na hutoa uchafu mwingi. Lita 54 haziwatoshi.

Madoa meupe kama chembe za chumvi

Huyu ni kimelea, Ichthyophthirius multifiliis, na mara nyingi huja na samaki mpya kisha hushamiri maji yakipoa. Doa unaloliona limefunikwa na ngozi ya samaki, dawa hailifikii. Dawa humuua kimelea anapotoka na kuogelea akitafuta samaki mwingine. Ndiyo maana wanaoacha dawa madoa yakipotea huyaona tena wiki inayofuata. Pandisha joto nyuzi 2 kwa siku hadi 28 au 29, ili mzunguko wake uishe kwa siku chache badala ya wiki kadhaa, na uongeze hewa, maana maji ya joto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Toa makaa kwenye filta, yasije yakainyonya dawa. Endelea wiki nzima baada ya doa la mwisho. Kwa kambare wasio na magamba, soma maelezo ya chupa vizuri. Dawa nyingi huwataka wapewe nusu ya kipimo.

Maji yamebadilika rangi

Meupe kama yaliyotiwa maziwa, katika wiki ya kwanza au ya pili: ni bakteria wanaoelea, watajimaliza wenyewe, punguza chakula. Meupe tangu saa ya kwanza: changarawe haikuoshwa. Ya kijani: jua la dirishani au taa iliyowashwa siku nzima, sogeza tangi likiwa tupu, au weka pazia, na taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Rangi ya chai ni ya gogo lililowekwa ndani na haina madhara. Yakinuka, kuna kitu kimeoza, tafuta samaki aliyekufa nyuma ya filta.

Stima imepotea

Usilishe. Funika tangi kwa blanketi, ukiacha nafasi ya hewa juu. Kila nusu saa chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, au tumia pampu ndogo ya betri. Filta ya sponji iliyo ndani ya tangi husumbuka kidogo, lakini filta ya kopo lililofungwa ni hatari: bakteria wa ndani hukosa oksijeni na kuanza kufa. Stima ikikatika kwa saa nyingi, ifungue, umwage maji yaliyo ndani na uisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Pima amonia siku tatu zinazofuata.

Kurudisha samaki baada ya vifo

Amonia na nitriti zisome sufuri wiki nzima kwanza. Nunua wawili au watatu tu, na dukani utazame tangi zima walimo: akiwepo mmoja mwenye madoa au anayehema, usinunue hata wazima wanaokaa naye. Nyumbani, eleza mfuko juu ya maji dakika 20, kisha tia kikombe cha maji ya tangi ndani yake kila dakika 10, mara nne au tano. Mshike samaki kwa wavu, maji ya mfuko yamwagwe nje. Wiki mbili zikipita bila amonia kupanda, ongeza wengine wawili.